Kabla hujawaita vijidudu wafanyakazi

Ukibuni jamii ya vijidudu, iwe maabara au kwenye shimo la gesi ya samadi nyuma ya zizi, angalia kwanza umeifananisha na nini. Mfano huo ndio utakaokuelekeza pa kugusa mambo yakiharibika.

Huku Masasi shimo la gesi tunaliita mtambo, na mtambo ukitaka utoe zaidi unaulisha zaidi. Basi msimu wa korosho shemeji yangu akaona mabibo yanaozea bure chini ya mikorosho, akayaponda, akamwagia ndoo kwa ndoo. Moto ukafifia, ukazimika. Tope likawa linanuka uchachu kama uraka uliolala.

"Shemeji, mtambo umegoma," akanipigia.

Hakuna aliyegoma. Bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi huzaliana kwa saa. Arkea, vijidudu vinavyofanana na bakteria lakini ni kundi jingine, ndio wanaotoa methani, gesi inayowaka, na wao huchukua siku. Asidi ikirundikana na pH, kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu ukizidi, ikawa chini ya 6.5, hao wa methani huzidiwa. Nikamwambia aache kulisha kabisa, kisha aanze upya na samadi kidogo kwa maji.

Kiwandani wa mwisho humsubiri wa kwanza. Shimoni wapo bakteria wa katikati ambao hawapati nguvu ya kuishi mpaka hidrojeni wanayoitoa iliwe upesi na arkea. Mlaji ndiye anayemwezesha mpishi! Ukichora mishale ya kwenda mbele tu, hilo hulioni.

Wahandisi wa jeni nao walianza kwa kuifananisha seli na saketi ya umeme. Mwaka 2000 jarida la Nature lilichapisha swichi ya jeni na saketi ya mdundo, zote ndani ya bakteria aitwaye E. coli. Lugha hiyo imewafikisha mbali, sibishi. Ila waya hauzai. Seli huzaa, na ile iliyoupoteza mzigo uliopachikwa, yaani jeni za ziada, hukua haraka na kuwafunika wenzake. Wataalamu huiita tapeli, na ukishasema tapeli unaanza kutafuta polisi: sumu, antibiotiki. Mimi ningeuliza kwanza kama mzigo unaweza kupunguzwa, au kama kila aina inaweza kumtegemea mwenzake kwa asidi amino (kijenzi cha protini) isiyoweza kujitengenezea.

Kwa hiyo chora bila vyeo. Andika nani anakula nini, anatoa nini, kinamdhuru nani, na anachukua muda gani kuongezeka maradufu. Safu hiyo ya muda ndiyo watu huiruka, na mabibo yaliharibu mambo hapo hapo.