Maswali Yenu: Wakwe, gari na pwani

SWALI: Shangazi, wakwe zangu wanakuja kutoka Songea. Tumekodi gari siku nzima. Tuwapeleke wapi, tupige na video?
Msomaji, Chikongola, Mtwara

JIBU: Mwanangu, anzeni Mikindani asubuhi, kabla jua halijawa kali, maana wazee hawapandishwi kilima saa sita. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko juu, na ghuba yote mnaiona. Kisha teremkeni vichochoroni taratibu: milango ya nakshi, kuta zilizobanduka chokaa hadi matumbawe yanaonekana. Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho, 1866. Naupenda sana mji huu! Mchana, nendeni ufukwe wa Msimbati; njia ina mchanga, hakikisheni gari mlilokodi limeinuka juu. Video ya familia sawa, ila mwombeni ruhusa mwenye mlango. Tamthilia inahitaji kibali cha Bodi ya Filamu.