Kabla ya kuuliza ampea, uliza kama inarudi nyuma

Anayetaka kujitengenezea chombo cha kukagua chini ya maji huniuliza swali hili kabla ya yote: "Ninunue ESC ya ampea ngapi?" ESC ni kidhibiti mwendo, kile kinachoendesha mota. Ampea tutazifikia. Kwanza niambie kama hicho kidhibiti mwendo kina rivasi, na rivasi yenyewe inaingia vipi.

Ninaishi Mwanza, na chombo changu nilikiunda kwa ajili ya kukagua nyavu za vizimba vya sato ziwani. Kina mota nne zisizo na brashi, zile za nyaya tatu: mbili za kwenda mbele na nyuma, mbili za kupanda na kushuka. Vidhibiti vyangu vya kwanza vilikuwa vya magari ya rimoti. Vilikuwa na ampea 60, vimezibwa visiingie maji, na bei yake ilinivutia. Kwenye ndoo nyumbani vilizungusha propela bila shida.

Kule kizimbani nilisogeza chombo taratibu hadi wavu ukajaa kwenye skrini, nikavuta kijiti nyuma. Chombo hakikurudi. Kidhibiti cha gari, ukikivuta nyuma mara ya kwanza, kinafunga breki. Hadi uachie kijiti kirudi katikati, kisha uvute tena, ndipo rivasi inaingia. Kwa gari utaratibu huo una maana, kwa sababu unalinda gia. Majini, ule muda mfupi wa breki ulitosha chombo kuserereka hadi kwenye wavu. Nilipovuta mara ya pili, propela ilikuwa imeshagusa uzi. Niliona kwenye skrini matundu ya wavu yakivutwa moja baada ya jingine na kujisokota kwenye shafti, mpaka mota ikasimama. Mwenye kizimba alizama na kisu, akakata, kisha akashona pengo haraka kabla samaki hawajalipata. Nilimlipa uzi na siku yake ya kazi, na tangu hapo sijafunga kidhibiti chenye breki ya namna hiyo kwenye chombo cha majini.

Vya ndege na droni navyo, kama vinavyouzwa, vingi huzungusha upande mmoja tu. Kubadilishana nyaya mbili kati ya zile tatu kutageuza mzunguko, lakini hutaweza kuugeuza tena ukiwa majini. Habari njema ni kwamba vile vyenye programu ya BLHeli_S au AM32 unaweza kuviunganisha na kompyuta ukavipangia mwendo wa pande mbili. Mimi napendelea AM32 kwa sababu programu yake ni huria na bado inaendelezwa. Kama huna muda wa kupanga, kidhibiti cha kampuni ya Blue Robotics kimetengenezwa kwa kazi hii hii: kinapokea volti 7 hadi 26, ampea 30, na kinatoka kiwandani kikiwa na pande mbili. Amri hutumwa kama mpigo wa umeme, na urefu wake ndio amri yenyewe: mikrosekunde 1500 ni kusimama, 1900 ni mbele kwa nguvu zote, 1100 ni nyuma kwa nguvu zote. Kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kutuma amri, tuma 1500 na usubiri sekunde chache kabla ya amri nyingine yoyote, kidhibiti kikubali kuamka. Wengi husahau kusubiri, wakadhani wameuziwa kibovu.

Sasa ampea. Maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, kwa hiyo kipimo cha mezani hakikwambii kitu. Mota yangu moja ilivuta ampea 1 ikiwa hewani. Kwenye pipa la maji, kwa volti zile zile, ikavuta 11. Pima kwenye pipa, tena pipa kubwa, halafu chagua kidhibiti chenye angalau mara moja na nusu ya kiwango ulichokiona. Ukinunua mota, tafuta yenye KV ndogo, yaani isiyozunguka mbio sana kwa kila volti. Mota ya droni ya KV 2000 ukiifunga propela pana inaweza kutetemeka pale pale bila kuanza, maana kidhibiti kisicho na sensa husoma umeme unaorudishwa na mota yenyewe, na mota inapokwama hakuna cha kusoma.

Jambo ambalo watu hawalitazami ni ulinzi wa betri. Vidhibiti vingi hukisia idadi ya seli za lithiamu pale unapowasha, kisha hukata umeme volti zikishuka. Ukitumia betri ya pikipiki iliyojaa, volti zake karibu 13 zinaweza kukifanya kidhibiti kidhani ni lithiamu ya seli nne iliyokaribia kuisha. Chombo kinaenda dakika moja, kinakata. Zima ulinzi huo, au upangie kiwango chako mwenyewe, na uwe na mita ya volti mbele ya macho.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi ukiiacha betri juu kwenye mtumbwi. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, urefu wa mita 30, ni mita 60 kwenda na kurudi, sawa na omu 0.4 hivi. Ukivuta ampea 10, volti 4 zimepotelea njiani. Ya volti 12 inafika 8. Mimi niliishusha betri ndani ya chombo, na kwenye kebo nikabakiza mawasiliano tu.

Nyaya za kutoka betri hadi kidhibiti ziwe fupi. Kama lazima urefushe, refusha zile tatu za mota. Na ukiwa na vidhibiti kadhaa vinavyotoa volti 5, kwenye zile nyaya nyembamba za amri acha waya mwekundu wa kimoja tu, mingine ichomoe, ila ile ya negativu yote iungane. Ndani ya mtungi uliozibwa hakuna upepo, kwa hiyo bana vidhibiti kwenye bati la alumini linalogusa ukuta wa mtungi, maji ya nje yapokee joto.

Usinunue vinne kwa pamoja. Nunua kimoja, kifunge na mota na propela utakayotumia, kiweke kwenye pipa, kisha kitoe mbele kwa nguvu zote hadi nyuma kwa nguvu zote, mara 50 bila kupumzisha, huku mkono ukiwa karibu na swichi. Sikiliza kama inakwama kabla ya kugeuka. Kisha gusa kidhibiti. Kama kidole hakivumilii kukaa hapo, kirudishe ulikokinunua kabla hujaagiza vitatu vilivyobaki.