Hela za mawe: jibu kwa mnaouliza mbona dada hatumi

Tangu mbio za dunia za baiskeli za Kigali, Septemba 2025, ujumbe ni uleule: "Tumewaona wanawake wakipanda mlima wa mawe wa Kimihurura. Tumeambiwa Ubelgiji ndiko kwenyewe, kila wikendi mbio, kila mbio zawadi. Sasa dada aliyeko huko mbona hatumi?" Inaniudhi, kwa sababu kuna wasichana wanaotaka ng'ombe wa nyumbani auzwe wapate nauli kwa maneno hayo.

Wikendi ya kufungua msimu wa mbio za baiskeli Ubelgiji, nyingi zikipita barabara za mawe yaliyopangwa, huangukia mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Jumamosi ni Omloop Het Nieuwsblad, Gent hadi Ninove, Jumapili ni Omloop van het Hageland. Mwaka 2021 Anna van der Breggen alishinda ile ya Jumamosi akapewa euro 930. Mwanamume aliyeshinda siku hiyohiyo alipewa 16,000. Mwaka huohuo Lizzie Deignan alishinda Paris-Roubaix ya kwanza ya wanawake, mbio za mawe za Ufaransa, damu ya viganja ikibaki kwenye usukani, kwa euro 1,535. Mshindi wa kiume 30,000. Tour of Flanders, mbio kubwa ya Ubelgiji, ilisawazisha zawadi za wanawake na wanaume mwaka 2022, na hilo ni jambo kubwa, lakini hapo nazungumzia mshindi. Anayemaliza wa 60 hapati kitu. Tena desturi ni kugawana. Chukua hizo 930 ugawe kwa wasichana sita wa timu: 155 kila mmoja, na hapo fundi na mkandaji bado hawajapewa chao. Hela yenyewe hufika baada ya wiki nyingi, pengine miezi.

Mshahara? Kwenye timu za ngazi ya juu kabisa kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 38,000 kwa mwaka, kabla ya kodi. Ngazi ya chini iitwayo Continental, ambayo ndiyo mlango wa wengi wanaotoka kwetu, haina kima cha chini. Kuna wanaokimbia kwa chumba, chakula na jezi. Na ile baiskeli mnayoiona kwenye picha ni ya timu. Msimwambie aiuze.

Sasa kwa wewe unayetaka kuja, sikiliza kazi yenyewe. Kigali hakuna asubuhi ya nyuzi 3 na mvua ya ubavuni. Vidole vikiganda huwezi kubonyeza gia wala kufungua chakula, na mwili unadai gramu 60 hadi 90 za wanga kila saa. Kwa hiyo kabla ya kujipanga kwenye mstari wa kuanzia, kata kila karatasi ya chakula sentimita moja kwa mkasi, meno yamalizie. Chupa ya kwanza iwe chai ya moto yenye sukari. Mafuta ya kupasha misuli moto paka mwisho, ukishavaa kaptula, kisha nawa mikono kwa sabuni. Ukigusa jicho, mbio zako zimeishia hapo. Jioni yafute kwa kitambaa kikavu kabla ya kuoga maji moto, la sivyo ngozi itawaka usiku mzima.

Tairi. Kwa msichana wa kilo 55, milimita 30 bila tyubu, upepo bar 3.2 mbele na 3.4 nyuma, mvua ikinyesha punguza 0.2. Ukijaza sana, gurudumu linaruka juu ya mawe na kuteleza. Ukipunguza sana, rimu inagonga jiwe na kukata tairi kwenye kingo zake. Pima asubuhi ileile kwa pampu ileile, maana pampu mbili hazisemi neno moja. Funga vibebea chupa kwa utepe wa kukwaruza, kwa sababu kwenye mawe ya Haaghoek chupa zinaruka kama mahindi ya bisi.

Mikono: shika usukani kama unavyomshika kifaranga. Viwiko vikunje, kaa sehemu ya nyuma ya siti, weka gia nzito kidogo, na usiache kukanyaga. Pita kwenye mgongo wa barabara. Pembeni kunavutia kwa kuwa ni laini, lakini ndiko vipande vya chupa na mawe makali yanakokusanyika. Ukipata pancha, usitegemee gari la timu: timu ndogo hupangwa nyuma kabisa ya msafara. Kariri nani wa timu amesimama na magurudumu, na mwisho wa kipande kipi cha mawe.

Mlima wa mawe wa Muur van Geraardsbergen, wenye kanisa dogo juu, unafika karibu asilimia 20. Ukisimama kwenye pedali mawe yameloa, gurudumu la nyuma linazunguka bure, mguu unatua chini, na wote walioko nyuma yako wanashuka watembee. Ndiyo maana vita hupiganwa kilomita tano kabla, kwenye lami, watu wakisukumana kwa mabega waingie ndani ya ishirini wa kwanza. Huko ndiko wageni wanapopotea. Nguvu wanazo, nafasi ndiyo hawana.

Viza ya kawaida ya Schengen ni siku 90 ndani ya 180. Ukiingia kabla ya wikendi ya kufungua, siku zako zinaisha Mei. Bila mkataba ulioandika nani analipa nauli, bima na hospitali, usije. Usiuze kitu. Barua ya ruhusa kutoka shirikisho lenu iwe mkononi kabla ya tiketi.

Lakini ukiitwa, hata kwa miezi mitatu, njoo. Mawe haya hayafundishiki kwenye lami ya Eldoret wala Arusha, na siku 90 za kusukumwa zinafundisha kuliko miaka miwili ya kutazama. Njoo na jozi mbili za glavu za neoprini, zile za mpira unaotunza joto.

Nanyi kina mama na kina shangazi, Jumapili jioni msimpigie dada kuhusu ada. Saa hizo viganja vina malengelenge na simu anaibonyeza kwa kifundo cha kidole. Mpigieni Jumanne, na muulizeni kwanza kama amekula.