Naogopa Swala Yangu Ni ya Kuonekana

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, mkazi wa Ujiji. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiadhini katika msikiti wa mtaani kwetu, na imamu akisafiri mimi ndiye ninayeswalisha. Watu wananiheshimu, na sigida, ile alama ya kusujudu iliyo kwenye paji la uso wangu, imekuwa kama kitambulisho. Miezi ya karibuni nimegundua kwamba nikiwa peke yangu naswali haraka haraka, lakini mbele ya watu sauti inalainika na sijda zinarefuka. Nikiwaza kwamba mimi ni mnafiki, usingizi hauji. Nimeamua niache kwenda msikitini, niswali nyumbani mpaka moyo utakapotakasika. Hata kazini yapo mambo sijayaweka sawa, kama kile kisado cha kupimia dagaa kilichobonyezwa kitako kikapungua ujazo, ambacho karibu wenzangu wote wanakitumia. Je, uamuzi wangu ni sahihi?
Msomaji, Ujiji.

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usiache kwenda msikitini. Nalitanguliza hilo kwa sababu mtu anayeikosa swala ya jamaa leo kwa kuogopa riya, yaani kufanya ibada ili uonekane na watu, kesho ataikosa kwa uvivu tu, wala hatajua ni siku gani sababu yake ilibadilika. Fudhayl bin Iyadh, aliyefariki Makka mwaka 187 wa Hijra, na ambaye inasimuliwa kwamba kabla ya kutubu alikuwa mnyang'anyi wa njiani, alisema kuwa kuacha jambo la kheri kwa ajili ya watu ni riya, kulitenda kwa ajili yao ni shirki, yaani kumshirikisha Mungu, na ikhlasi, yaani usafi wa nia, ni Mwenyezi Mungu kukuepusha na yote mawili. Wewe ukibaki nyumbani ili usionekane, bado macho ya watu ndiyo yanayokupangia ibada.

Kuhusu huo woga unaokunyima usingizi, Hanzala, aliyekuwa mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alitoka siku moja akilalamika kwamba amekuwa mnafiki, kwa kuwa akiwa mbele ya Mtume aliiona pepo na moto kama kwa macho yake, na akirudi kwa mke, watoto na shughuli zake, mengi aliyasahau. Abubakar alimwambia kwamba hali hiyo humpata hata yeye, wakaenda pamoja kumuuliza Mtume, naye akawafahamisha kuwa moyo una saa yake hii na saa yake ile. Basi usiifupishe swala ya msikitini. Irefushe ile ya nyumbani, mpaka mbili hizo zifanane, na uwe na jambo moja la kheri ambalo hata mkeo halijui.

Barua yako, hata hivyo, imeeleza kwa kirefu habari za moyo wako, na kisado kikapata sentensi moja tu. Mimi naona hapo ndipo penye jeraha. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibiwa kwamba mvua ilinyeshea. Akamwambia kwa nini basi hukuyaweka yaliyolowa juu watu wakayaona, kisha akasema kwamba anayedanganya katika biashara si katika sisi. Muuzaji yule hakuulizwa anaswali vipi. Mkono ulikwenda moja kwa moja chini ya rundo, mahali ambapo mnunuzi hafiki.

Kisado chako kina unyevu huohuo. Mama anayenunua kwako visado vitano alfajiri pale mwaloni, wanakoshushwa samaki, kwa mtaji ambao pengine ameukopa, jioni anapanga mafungu barazani kwake na kukuta yamepungua, asijue ni dagaa waliopungua au ni yeye aliyekosea hesabu. Inaniuma zaidi nikifikiri kwamba Ramadhani huenda ni adhana yako anayoifuturia. Sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wapunjao, wale ambao wakijipimia hutaka kipimo kitimie na wakiwapimia wenzao hupunguza. Inaanza na "Ole wao", onyo lilelile walilopewa katika sura ya 107 wale wanaoswali ili waonekane. Kwamba wenzako wengi wanakitumia hakukuondolei deni hata la dagaa mmoja.

Marehemu mama yangu aliuza mawese, na asubuhi za baridi mawese huwa mazito, hung'ang'ania ukingoni mwa kipimo. Alikuwa akikiinamisha juu ya dumu la mteja na kungoja, watu wamejipanga nyuma, mpaka ule uzi mwekundu ukatike wenyewe. Sikumbuki hata siku moja akitueleza habari za ikhlasi.

Wateja unaowafahamu wafuate uwalipe ulichowapunja. Najua ni aibu kubwa kwa mwadhini kubisha hodi kwa shughuli hiyo, lakini ni haki yao, na aibu hiyo ni nyepesi kuliko unayoibeba sasa. Wale usiowakumbuka, kadiria kiasi chao bila kujipendelea, ukitoe sadaka kwa maskini kwa niaba yao. Kisado chenyewe usimpe mtu wala usikiweke stoo, kwa sababu kitarudi mwaloni. Kitoboe siku hiyohiyo utakayosoma jibu hili, kabla hujakwenda kuadhini Adhuhuri, wala usingoje moyo utakasike kwanza.