Mpe mwanafunzi barua kwanza, maelezo baadaye

Wewe unayeanza kufundisha historia ya Wayahudi, utakuta wanafunzi wako wanawajua kutoka kwenye Biblia au Kurani, kisha wanaruka moja kwa moja hadi Ujerumani ya Hitler. Katikati ni patupu. Kitabu cha kiada hakiwezi kupajaza; barua inaweza.

Anza na ya David, mdogo wake Maimonides, yule mwanazuoni na tabibu wa Misri. Aliiandika yapata mwaka 1170 akiwa Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu. Alivuka jangwa na mwenzake mmoja tu. Msafara waliouacha nyuma ukavamiwa na wanyang'anyi. Bandarini hakukuta bidhaa ya maana isipokuwa nili, ile rangi ya buluu ya kutia nguo, basi ameamua kupanda chombo kwenda India. Anamsihi kaka yake awatulize watu wa nyumbani. Isome kwa sauti, taratibu, na mwisho wake usiutaje. Waulize: kwa nini harudi? Mtaji ni wa nani? Waache wabishane hadi wachoke. Ndipo uwape barua ambayo Maimonides aliandika miaka mingi baadaye: David alizama Bahari ya Hindi pamoja na mali, naye Maimonides akaugua kitandani karibu mwaka mzima.

Usiache kueleza barua ilivyosalimika. Wayahudi hawatupi ovyo maandishi yenye jina la Mungu. Huyahifadhi yakisubiri kuzikwa. Sinagogi ya Ben Ezra, huko Fustat, mji wa kale ulio sasa ndani ya Kairo, ilirundika chumbani hata hesabu za biashara, mikataba ya ndoa na vitabu vya watoto vya alfabeti. Mwaka 1897 mwanazuoni wa Kiyahudi Solomon Schechter alihamishia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, vipande zaidi ya 190,000, na picha za vingi zinaonekana bure mtandaoni. Chapisha moja ya barua ya David. Lugha ni Kiarabu, herufi ni za Kiebrania. Aliyewahi kuona utenzi wetu wa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hatashangaa. Kwangu mimi hapo ndipo utamaduni unapoonekana kwa macho.

Ila mfanyabiashara mmoja hawasemei wote. Humo humo zimo barua za maskini wanaoomba msaada na za wanawake waliotelekezwa na waume. Zisome pia.

Ukifika Warsaw, Poland, ya Vita Kuu ya Pili, kuwa makini zaidi. Picha nyingi za ghetto, mtaa ambamo Wayahudi walifungiwa, zilipigwa na Wajerumani kwa malengo yao, ilhali mwanahistoria Myahudi Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya shajara na ushuhuda wa Wayahudi wenyewe, wakavifukia katika masanduku ya chuma na madebe ya maziwa yaliyochimbuliwa mwaka 1946 na 1950. Weka picha na shajara kando kwa kando, kisha uliza nani alikitengeneza kila kimoja, na alitaka nani akione.