Mwigizaji kutunga wimbo wa umoja: jibu langu kwa ndugu wa Lindi, na mimi nimepita huko huko

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma jana usiku nikaona nikijibu harakaharaka nitakuwa sijakutendea haki, nikasubiri asubuhi. Kwa mliochelewa, jamaa ni mwigizaji huko Lindi, kikundi chao kinafanya maigizo na filamu fupi, sasa anataka kutunga wimbo wa kuhamasisha umoja wa kitaifa auimbe Aprili 26 siku ya Muungano, hasa akiangalia ugomvi wa wakulima na wafugaji huko vijijini kwao. Wenzake wanamwambia abaki kwenye kuigiza, muziki una wenyewe. Ameweka na mistari yake kumi na mbili, na klipu akiiimba, anauliza imekaaje.

Mimi nipo Mtwara mjini, nimeanza kuigiza 2006, sanaa shirikishi za vijijini, zile za kwenda Tandahimba na Nanyamba kuigiza habari za malaria chini ya mkorosho watoto wamekaa mbele kwenye mchanga, baadae nikaingia filamu za hapa hapa nyumbani, na tangu 2013 natunga nyimbo. Nitakwambia nilivyoona mwenyewe.

Hao wanaosema muziki una wenyewe wamesahau tulikotoka. Zamani kulikuwa na vikundi kama Muungano Cultural Troupe, ikaja TOT (Tanzania One Theatre) ya Kapteni John Komba mwaka 1992, ukienda onyesho moja unakuta ngoma, sarakasi, maigizo, kwaya na taarabu humo humo, na yule yule aliyekuchekesha kwenye mchezo unamkuta amesimama kwenye maiki anaimba. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999 nchi nzima tulilia na nyimbo za Komba redioni, mtu wa kikundi cha maonyesho. Na wewe mtu wa kusini usiende mbali, angalia mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, lipiko, yaani mchezaji wake, amevaa kinyago kichwani anacheza, anaigiza tabia ya mtu fulani, waimbaji wanamuitikia na ngoma zinamfuata, hapo sanaa ya kuigiza inaishia wapi na ya kuimba inaanzia wapi? Wazee wetu hawakuwahi kuvitenganisha hivi vitu, tumevitenganisha sisi juzi tu baada ya kuja mambo ya kanda na CD. Hilo lisikuumize kichwa, tunga.

Sasa niseme nilipokosea mimi, maana mashairi yako yanaelekea huko huko.

Mwaka 2013 wote mnaukumbuka. Januari maandamano ya gesi, watu wanahoji bomba la zaidi ya kilomita 500 linatoa gesi yetu kuipeleka Dar sisi tunabaki na nini, halafu tarehe 22 Mei siku inasomwa bajeti ya wizara ya nishati mji ukachafuka. Nyumba zilichomwa na kuna waliopoteza maisha. Kilichokuja baada ya hapo kwangu kilikuwa kibaya kuliko moshi, watu wakaanza kuhesabiana, huyu mwenyeji, huyu wa kuja. Kikundi chetu kilikuwa na watu kumi na moja, watatu walikuwa watumishi waliohamishiwa huku kikazi, mazoezi yakafa yenyewe tu bila mtu kutamka kwamba tumevunja. Mtu mmeigiza naye ndugu kwenye michezo mitatu sasa mnapishana sokoni Chikongola kila mtu anaangalia upande wake. Iliniuma sana na nikasema lazima nifanye kitu, mchezo siwezi kuigiza peke yangu basi nitatunga wimbo.

Nikatunga. Ulikuwa na neno tuungane mara nyingi mno, na ubeti mzima wa kutaja makabila, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, sote ni kitu kimoja. Nikauimba kwenye shughuli moja ya mtaani kule Magomeni. Vijana walicheza biti. Ila mama mmoja wa Liwale akanifuata, mwanangu mbona sisi Wangindo hujatutaja? Nchi ina makabila zaidi ya 120, ukianza kutaja lazima kuna atakayebaki nje, na aliyebaki nje kwenye wimbo wa umoja anaumia kuliko ambavyo angeumia usipomtaja mtu yeyote. Halafu mzee mmoja jirani, mstaafu wa bandarini, yeye alikaa kimya mpaka watu wameondoka ndio akaniita. Akaniambia mjukuu wangu, unatuambia tuungane, kwani tumegombania nini? Kama unakijua mbona hukukisema? Nikashindwa kumjibu. Wimbo wangu wote haukuwa na gesi, haukuwa na bomba, haukuwa na nyumba iliyochomwa, nilikuwa nampa dawa mtu ambaye sikutaka hata kumuuliza anaumwa wapi.

Hapo ndipo nikarudi kwenye kazi niliyokuwa naijua. Sisi waigizaji tumefundishwa nini? Mhusika. Ukipewa skripti hukimbilii maneno, unauliza kwanza huyu mtu ni nani, anataka nini, anaogopa nini, mkononi ameshika nini. Mimi nilipoingia kwenye wimbo nikayaacha yote hayo mlangoni nikaanza kuhutubia.

Nikakumbuka kitu nilichokiona siku ile ya fujo. Mtaani kwetu kuna mama anauza samaki, anavuka kwenda Msangamkuu na kivuko kila asubuhi kununua, chumba chake cha uani alikuwa amempangisha mwalimu kijana wa kutoka Kagera. Siku ile mwalimu alirudi mbio akajifungia. Vijana wanapita mtaani wanauliza nani anakaa hapa, nani anakaa pale. Kwenye vizingiti vyote vya ule uani kuna kandambili, kwenye kizingiti cha mwalimu tu kuna viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vimeng'arishwa. Yule mama hakupiga kelele wala hakubishana na mtu. Alitoka na tenga lake la samaki, akainama akavichukua vile viatu akaviweka ndani ya tenga, akafunika na kanga ile ile anayofunikia samaki, akaliingiza tenga ndani kwake, akatoka tena akakaa barazani anachambua mchele. Vijana walipofika wakaona kandambili tupu. Wakapita.

Mkuu, hiyo ndiyo picha niliyokuwa naitafuta miezi minne. Nikamchukua yule mama kama mhusika nikaandika kwa mdomo wake. Anayeimba anauliza:

Mlangoni kandambili, viatu vi wapi mama

na watu wanaitikia:

Vipo ndani, vipo ndani, vimelala na vya kwetu

Neno umoja halimo hata mara moja kwenye ule wimbo, wala Tanzania haimo. Lakini gesi imo, moshi umo, na hasira ya wale vijana nayo imo, nimewapa ubeti wao kabisa wanasema kwanini walikuwa na hasira, maana na wao ni watoto wetu na swali lao lilikuwa la kweli. Ubeti huo kuna watu waliniambia niutoe. Sikuutoa. Wimbo wa umoja unaomnyamazisha mmoja wa waliogombana utasikika vizuri kwa yule tu aliyekuwa ameshiba tangu mwanzo.

Mara ya kwanza nimeuimba laivu ilikuwa ndani ya kivuko asubuhi, bila spika, na kidumu cha maji napigia. Kufika katikati ya maji wanawake wa samaki wameshakamata kiitikio. Yule mama alikuwemo. Alinitazama tu, hakuitikia, aliposhuka akaniachia dagaa kwenye kifuko. Na mmoja wa wale wenzetu watatu wa kikundi, yeye ni muuguzi, aliusikia kwenye simu ya mtu akanipigia, tulikuwa hatujaongea tangu Mei. Mazoezi tulianza tena mwaka uliofuata, hatukurudi wote.

Sasa ya ufundi, haya yatakusaidia wewe mwigizaji kuliko mtu mwingine. Jukwaani uso wako unabeba nusu ya maneno, ukinyanyua nyusi watu wameelewa. Kwenye wimbo uso haupo, msikilizaji yupo jikoni anakaanga vitumbua, kwa hiyo kila mstari ujitosheleze wenyewe kwa sikio. Ila usiongeze maneno kufidia uso, hilo kosa tunalifanya wote, ongeza vitu, tenga, kanga, kamba za viatu. Hesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Mstari wangu nimeukata nane kwa nane kama shairi la kawaida, na hiyo imenisaidia mtu wa taarabu akiuimba unakaa na kijana wa biti akiuimba unakaa. Angalia na mkazo, Kiswahili chetu kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, u-MO-ja, wewe kwenye ile klipu yako biti inaangukia kwenye JA, ndio maana unausikia kama mgeni anajifunza lugha. Hamisha neno au hamisha biti, usilazimishe. Na kiitikio kiwe kifupi ambacho mtu aliyesikia mara moja anaweza kurudisha, ukiona umelazimika kukiandika kwenye karatasi ukawagawia watu jua hakijaiva.

Studio nako uende na akili. Mimi wimbo nilirekodi studio moja, jina siliweki hapa, tukakubaliana kwa mdomo tu kwa vile tunafahamiana, miezi mitatu baadae nasikia kiitikio changu kwenye tangazo la duka na prodyuza ananiambia biti ni yake kwa hiyo wimbo ni wake. Ilinichukua karibu mwaka kumaliza lile jambo. Andikeni karatasi kabla hujafungua mdomo, mashairi ya nani, melodi ya nani, biti ya nani, kila mmoja asaini na shahidi awepo. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndio wanasajili kazi, na wewe mwenyewe kama msanii jisajili BASATA, baraza la sanaa. Usiseme mimi bado mdogo.

La mwisho kwa upande wangu ni la vyama. Ukipata wimbo unaoshika watu, watakuja. Kuelekea uchaguzi wa 2015 alinifuata mgombea mmoja, pesa aliyotaja ilikuwa inatosha kuezeka nyumba ya mama yangu na kubaki. Alitaka tu ubeti wa mwisho uingie jina lake. Nilikaa siku mbili silali vizuri, mama mwenyewe ndio akaniambia ukiuimba na fulana ya mtu, nusu ya kivuko haitakuitikia. Nikakataa. Bati nilikuja kununua msimu mwingine wa korosho, kidogokidogo. Silaumu msanii anayeimba kampeni, ni kazi halali na ana watoto, ila wimbo huu mmoja uutenge, usiuchanganye na hizo.

Sasa nirudi kwenye mashairi yako. Umeanza na Watanzania tuungane tuwe kitu kimoja, halafu mistari saba mbele ni amani, upendo, mshikamano. Hiyo yote naomba uifute, najua inauma. Ugomvi unaouzungumzia una chanzo chake na watu wanakijua, wafugaji waliondolewa bonde la Usangu kule Mbeya 2006 na 2007 wakaletwa huku kusini na ng'ombe wao, wenyeji hawajawahi kuishi na mifugo mingi kiasi hicho, mashamba ya mihogo na ufuta yakaliwa, na mfugaji naye kafika sehemu hana maji hana malisho na kila mtu anamwona mwizi. Wote wawili wana cha kusema. Wape kila mmoja ubeti wake aseme kwa hasira yake, usimsemee wewe.

Ila mstari wa tisa, huo umeupitisha haraka kama vile ni wa kujazia tu, pale unaposema shemeji yako Msukuma siku hizi anachimba ming'oko, ile mizizi ya kula, mwenyewe porini na anamfundisha mwanae jinsi ya kuimenya. Mimi niliposoma hapo nilisimama. Jembe lake ni la aina gani? Alianza kuchimba lini, nani alimwonyesha, ni baba yako? Walikuwa wanaongea nini wakati wanachimba, au walikuwa hawaongei? Nenda kwa shemeji ukakae naye siku nzima kama unavyomsoma mhusika kabla ya kurekodi sini, ukirudi uniandikie ubeti mmoja tu kuanzia kwenye hiyo ming'oko, uutume inbox, na klipu iwe ya sauti tupu bila biti ili nisikie maneno. Aprili bado ipo mbali, muda unao.