Maswali ya Wasomaji: Je, kozi ya ufundi humfungia kijana mlango wa chuo kikuu?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu ana miaka 15 na anapenda sana fizikia. Shule yake ya sekondari imempa nafasi ya kusoma kozi ya umeme wa majumbani sambamba na masomo ya kawaida. Ndugu zangu wanasema ufundi ni wa walioshindwa darasani, na kwamba nikimruhusu nitakuwa nimemzuia kufika chuo kikuu. Je, wana haki?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Mama, hofu yako ni ya mzazi anayemtakia mwanawe mema, lakini dhana kwamba karakana ni makimbilio ya walioshindwa haina msingi, hata ukiitazama historia ya masomo haya. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa yaliyofanyika Philadelphia, Marekani, shule ya ufundi ya Moscow iliyoongozwa na Victor Della-Vos ilionyesha namna ya kufundisha kazi za mikono darasani, kwa kuzigawa katika hatua kuanzia zilizo rahisi hadi zilizo ngumu, badala ya kumwacha kijana amtazame fundi kwa miaka mingi. Waliovutiwa na mpango huo walikuwa wasomi. John Runkle, aliyekuwa rais wa MIT, chuo cha teknolojia cha huko Marekani, aliupeleka chuoni kwake, na Calvin Woodward, profesa wa hisabati, alifungua shule ya sekondari huko St. Louis mwaka 1880 ambayo vijana wake walisoma hisabati, sayansi, lugha na uchoraji, kisha wakaingia karakana siku hiyo hiyo. Woodward alitaka akili na mkono vifundishwe pamoja, nami naamini alikuwa sahihi.

Kwa binti anayependa fizikia, kozi hii inaweza kuwa mahali pa kwanza ambapo kanuni za daftarini zitaonekana zikifanya kazi. Atakapojua kwamba birika la wati 2,300 kwenye umeme wa volti 230 huvuta ampea 10, yaani kipimo cha mkondo wa umeme unaopita kwenye waya, ataelewa bila kukaririshwa kwa nini mabirika mawili ya aina hiyo hayafai kuwashwa pamoja kwenye saketi iliyopangiwa ampea 16, na kwa nini unene wa waya si jambo la kukisia. Mwanafunzi wa namna hiyo akienda kusomea uhandisi hatakuwa nyuma ya wenzake. Akiamua kuajiriwa kwanza, atakuwa na ujuzi wa kuuanzia.

Hata hivyo, mlango unaweza kweli kufungwa, na hapo ndipo ningependa uelekeze wasiwasi wako. Hufungwa pale shule inapomwondolea mwanafunzi hisabati au fizikia ili kupata nafasi ya vipindi vya karakana, kisha akamaliza akiwa hana masomo ambayo chuo kinayadai. Kabla ya kutia saini fomu yoyote, omba ratiba kamili ya miaka yote iliyobaki, uilinganishe na masharti ya kujiunga na kozi za chuo anazozifikiria. Uliza pia cheti cha ufundi kinatolewa na nani: cheti cha mamlaka inayotambuliwa na waajiri kina uzito ambao karatasi ya shule peke yake haina.

Baada ya hapo nenda ukaione karakana yenyewe, tena siku ya kazi. Tazama kama kila mwanafunzi anashika vifaa au kama wawili wanafanya na ishirini wanatazama. Muulize mwalimu kama amewahi kufanya kazi hiyo nje ya shule, na kama wanafunzi hupelekwa kwenye mafunzo kazini chini ya msimamizi. Usione haya kuuliza kuhusu usalama, kwa sababu kijana anayefundishwa umeme lazima azoeshwe tangu siku ya kwanza kuzima swichi kuu, kuhakikisha hakuna atakayeiwasha tena, na kupima kwa mita kabla ya kugusa waya. Karakana isiyosisitiza hilo, mimi nisingempeleka mtoto wangu, hata kama ina mashine mpya.

SWALI: Nina miaka 16. Nimesoma uchomeleaji kwa muhula mmoja na sasa sitaki tena. Je, nimepoteza muda wangu?
Mwanafunzi

JIBU: Hapana, mwanangu. Umejifunza kusoma mchoro, kupima kwa makini na kujikinga na mwanga unaounguza macho, na mengi ya hayo utayahitaji katika useremala, ufundi bomba na hata usanifu wa majengo. Ila kabla hujahama, jichunguze kama unachokichukia ni kazi yenyewe au ni namna unavyofundishwa, maana aliyekaa muhula mzima akitazama wengine bado hajaijua kazi hiyo. Mwombe mwalimu akupe kipande chako cha chuma na muda wa kutosha wa kukichomelea mwenyewe. Ukiona bado moyo hauko hapo, uliza kama sehemu uliyofikia ina mtihani wake. Ikiwa umebakiza wiki chache tu, ufanye kwanza, kisha uombe kuhamia kozi nyingine mwanzoni mwa muhula, wakati wenzako wa huko hawajafika mbali.